Sura ya Sita: Anachokiogopa Mzee na Kinachompata

Jioni, kwenye vibanda vya mishikaki vya Cibitoke, kila meza ina mtu mmoja anayeinuka mara nyingi kuliko wenzake. Ana miaka sitini, sitini na mitano. Huenda nyuma ya ukuta, hukawia huko, hurudi, na kabla chupa yake ya Amstel haijafika nusu ameshainuka tena. Vijana hudhani ni bia. Wa rika lake wanajua ni nini, maana nao huamka mara nne usiku, ila mezani jambo hilo halitajwi. (Cibitoke ninayoisema ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, katika komini ya Ntahangwa, jirani na Ngagara na Mutakura, si ule uliokuwa mkoa kule mpakani na Kongo na Rwanda.)

Sura iliyotangulia ilieleza jinsi tezi dume inavyokua kwa umri hadi kuubana mrija wa mkojo, na dawa zinazoweza kuahirisha upasuaji. Sura hii ni ya yule ambaye dawa hazikumtosha, au ambaye hakuzipata kwa wakati. Akisikia neno operesheni, mzee huyo huogopa mambo mawili: kufia mezani, na kurudi nyumbani akiwa si mwanaume tena. Yote mawili hutokea, lakini kwa nadra kuliko anavyodhani. Yanayowapata wengi ni mengine, na hayo ndiyo asiyoambiwa. Woga wake umepangwa kinyume, na waliompangia hivyo si wazee wenzake wa barazani peke yao. Daktari mwenye foleni ya wagonjwa arobaini naye ana sehemu yake.

Tuanze na kifo, kwa kuwa ndicho kinachomzuia mtu kwenda. Huko Bavaria, Ujerumani, madaktari walifuatilia wanaume 10,654 waliopasuliwa kwa kupitia njia ya mkojo, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Aliyefariki alikuwa mmoja kati ya kila elfu moja. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1989, wa wagonjwa 3,885, ulipata wawili kati ya elfu. Zamani mambo yalikuwa mengine kabisa. Peter Freyer, mpasuaji wa Kiayalandi aliyeipa jina njia ya kupasua tumbo huko London kuanzia mwaka 1900, alipoteza wagonjwa watano hivi katika kila mia, na kwa zama zile, kabla ya antibiotiki na benki za damu, watu walimsifu. Basi asije mtu wa Bujumbura akazichukua namba za Bavaria kama zake. Wale walifika mapema, figo zao zikiwa nzima, na vifaa vilikuwa vinawasubiri. Lakini zinatosha kuonyesha kwamba kisu chenyewe, kikiwa mikononi mwa anayekijua, si hukumu ya kifo.

Njia zenyewe ni mbili kubwa. Ya kwanza haiachi kovu nje: chombo chembamba chenye lenzi, taa na kitanzi cha waya wa umeme hupitishwa kwenye mrija wa mkojo, na tezi hukwanguliwa kipande kwa kipande kutoka ndani. Ya pili ni ya kupasua chini ya kitovu, kufungua kibofu, na kuitoa nyama iliyovimba kwa kidole cha shahada. Wapasuaji hupenda kuilinganisha na chungwa: nyama ya ndani hutolewa, ganda hubaki palepale. Ganda hilo tulikumbuke, tutalirudia. Tezi ikishapita gramu 80 hivi, njia ya tumbo ndiyo inayofaa mahali pasipo na mashine za leza. Katika hospitali nyingi za ukanda wetu njia hiyo bado inatumika sana, kwa sababu wagonjwa huja wamechelewa na tezi ni kubwa, na kwa sababu ile mashine ya kukwangua inadai umeme usiokatika na waya wa kubadilishwa kila mara.

Kuchelewa huko ndiko mama wa matatizo mengi tutakayoyataja. Mtu hukaa na tezi yake miaka mitano akijisaidia kwa vijitone, kisha siku moja anapata mafua, ananunua dawa ya kukausha kamasi kwenye famasi ya jirani, na usiku huo mkojo unagoma kabisa. Dawa nyingi za mafua hukaza shingo ya kibofu au hulegeza msuli wa kibofu chenyewe, na kwa mwenye tezi iliyovimba hiyo yatosha. Anapelekwa hospitali ya CHUK kule Kamenge, anawekwa mpira wa mkojo, lita nzima ya mkojo inatoka, na anamshukuru Mungu. Kisha anarudi nyumbani na mpira wake na kusubiri fedha za upasuaji. Anasubiri miezi. Mpira uliokaa miezi hauwezi kukosa vijidudu, na kibofu kilichotanuka miaka kinachoka, hata kizibo kikiondolewa hakina tena nguvu ya kusukuma. Wale Wabavaria walikuta karibu 6 kati ya 100 wameshindwa kukojoa mpira ulipotolewa mara ya kwanza. Wengi wa watu wa namna hiyo wanasema operesheni imeharibika, na kumbe tezi imeondoka vizuri, ila msuli wa kibofu ndio uliochoka zamani.

Sasa damu. Hakuna mgonjwa wa tezi dume asiyetoka damu, na ni vema familia ijue hivyo kabla ya kuingia wodini, kwa sababu kinachoonekana chini ya kitanda siku ya kwanza kinatisha. Mfuko wa mkojo unaning'inia ukiwa mwekundu. Juu, kwenye mti wa chuma, kuna serumu kubwa zinazoingia kibofuni kupitia mpira wenye njia tatu: njia moja ya kuingiza maji, moja ya kuyatoa, ya tatu ya kujaza puto linaloushikilia mpira ndani. Puto hilo lina historia yake. Frederic Foley, daktari wa Minnesota, Marekani, alipoueleza mpira wake mwaka 1937, shabaha yake ilikuwa kuzuia damu baada ya upasuaji wa tezi dume kwa kulikandamiza jeraha. Matumizi mengine yote tunayoyajua leo yalifuata baadaye.

Kazi ya maji yale ni kuosha damu kabla haijaganda. Yakisimama, damu huganda ndani, mabonge yanaziba mpira, kibofu kinajaa, na mgonjwa anaanza kulalamika kwamba anataka kukojoa ilhali ana mpira. Hapo ndipo umurwaza, yule ndugu anayelala chini ya kitanda, anapokuwa na thamani kuliko mashine. Yeye ndiye anayeona kwamba serumu imekwisha saa tisa za usiku, kwamba mfuko haujaongezeka tangu saa saba, kwamba wekundu uliokuwa umepauka umekolea tena. Aambiwe mapema cha kuangalia: kiasi kinachotoka kisiwe pungufu ya kinachoingia. Akiona tofauti amwamshe muuguzi bila haya. Bomba kubwa la sindano na maji ya chumvi yanaweza kuyavuta mabonge kwa dakika chache, lakini kibofu kilichoachwa hadi asubuhi chaweza kumrudisha mgonjwa kwenye chumba cha upasuaji.

Wachache huongezewa damu: takriban 3 kati ya 100 katika ile hesabu ya Bavaria, na zaidi ya hapo kwa njia ya kupasua tumbo. Kundi la damu lijulikane na damu iwe tayari kabla ya siku yenyewe, maana kundi adimu haliokotwi usiku wa manane. Na anayemeza aspirini au dawa za kulainisha damu aseme. Wazee wengi hawazihesabu kuwa dawa kwa kuwa wamezizoea.

Damu ninayoihofia zaidi ni ya pili, ile ya nyumbani. Siku ya kumi hadi ya kumi na nne hivi, kigaga cha ndani hubanduka. Mgonjwa ameshatoka hospitalini, mkojo umekuwa mweupe, watu wamekuja kumpa pole na wamekwenda. Anajisikia mzima. Anainua dumu la maji, au anapanda baiskeli, au amefunga choo siku tatu na anajikamua, na ghafla mkojo ni damu tupu. Mara nyingi hukoma kwa kunywa maji mengi na kutulia. Ikija na mabonge na mkojo ukakataa kutoka, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, na safari hiyo yahitaji kufikiriwa tangu mapema. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na tuktuk zilizuiwa kuingia katikati ya Bujumbura, na miaka hii ya uhaba wa mafuta teksi ya usiku haipatikani kwa kupungiwa mkono. Aliyepasuliwa Kamenge yuko karibu na kwake. Aliyepasuliwa upande wa pili wa mji awe na namba ya mwenye gari mfukoni kabla ya kuruhusiwa. Kwa wiki nne hadi sita asinyanyue mzigo, asipande baiskeli, asishiriki tendo la ndoa. Ale lengalenga, maharage na papai ili choo kiwe laini. Ushauri wa papai unasikika mdogo mbele ya kisu cha umeme, lakini umewaokoa watu na kurudi wodini.

Kuna tatizo moja ambalo ni la njia ya kukwangua peke yake. Wakati wa kukwangua, maji humiminwa kibofuni mfululizo ili daktari aone, na mishipa iliyofunguka hunyonya sehemu ya maji hayo. Mashine za aina ya kale haziwezi kutumia maji ya chumvi kwa sababu yanapitisha umeme, basi hutumika maji yasiyo na chumvi, na yakiingia mengi mwilini hushusha chumvi ya damu. Mgonjwa, ambaye kwa kawaida yuko macho kwa kuwa amechomwa ganzi ya uti wa mgongo, huanza kuhangaika, kutapika, kusema mambo yasiyoeleweka, hata kuona giza. Hii ni sababu mojawapo ya ganzi hiyo kupendwa: mgonjwa anayeongea ndiye kengele ya daktari. Ndiyo maana pia wapasuaji hujizuia wasipite saa moja. Mashine mpya zinazotumia maji ya chumvi zimelipunguza sana tatizo hili. Hata kabla ya kuenea kwa mashine hizo, Bavaria ililiona kwa mtu mmoja na nusu hivi kati ya mia.

Maambukizi nitayapita haraka, kwa kuwa dawa zake zinajulikana: homa, baridi, maumivu ya kiuno, mkojo unaonuka, au korodani moja kuvimba na kuuma wiki chache baadaye. Zamani wapasuaji waliihofia hiyo ya korodani hata wakawa wanafunga mirija ya mbegu siku hiyohiyo ili vijidudu visishuke. Homa baada ya upasuaji huu haitibiwi kwa vidonge vilivyobaki nyumbani.

Kuvuja mkojo ni habari nyingine. Wiki za mwanzo karibu kila mtu ana matone, au haja inayomkimbiza kabla hajafika chooni, kwa sababu kibofu kilichozoea kusukuma kwa nguvu hakijajua kwamba mlango uko wazi. Hali hiyo hutulia kadiri wiki zinavyopita. Mazoezi ya kubana misuli ya chini, kama mtu anayezuia upepo, mara kadhaa kwa siku, husaidia. Wanaobaki wakivuja kwa muda mrefu ni wawili hivi katika kila mia. Kwa Waislamu wa Cibitoke na Buyenzi, matone haya huja na swali ambalo daktari halisikii kwa sababu mgonjwa hamuulizi: sala yangu je? Masheikh wanalo jibu la siku nyingi. Mwenye udhuru wa mkojo usiozuilika hujisafisha, hujiwekea kinga, hutawadha kila sala baada ya wakati wake kuingia, na huswali. Tone litokalo baada ya hapo halimbatilishii. Mwenye mpira naye huswali na mpira wake. Nawajua wazee walioacha msikiti kwa miezi kwa kukosa mtu wa kuwaambia sentensi mbili hizo.

Tufike sasa kwenye lile swali linaloulizwa mlangoni, mgonjwa ameshainuka kitini na mkono uko kwenye kitasa. "Dogiteri, nitabaki mwanaume?" Daktari hujibu, "Utabaki, mzee, usijali," na wote wawili hufurahi kwamba mazungumzo yamekwisha.

Jibu hilo ni la kweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo itakayomtesa. Swali la mzee lina maswali matatu ndani yake. La kusimama: wengi wanabaki kama walivyokuwa. Kati ya 6 na 7 katika kila mia husema wamepungukiwa baada ya kukwanguliwa, na hata hao si rahisi kujua kama ni kisu, ni umri, ni kisukari au ni hofu. Uchunguzi wa hospitali za maveterani wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1995, uliwagawa wanaume 556 katika makundi mawili, hawa wakapasuliwa, hawa wakaachwa wakiangaliwa, na haukuona kwamba upasuaji ulileta upungufu wa nguvu za kiume. La raha ya kilele: kwa kawaida ipo. La shahawa: hapo ndipo penye habari. Wanaume 65 hivi kati ya 100 waliokwanguliwa, na wengi pia wa waliopasuliwa tumbo, hawatoi kitu tena. Shingo ya kibofu, iliyokuwa ikijifunga wakati huo, imefunguliwa kwa upasuaji, basi shahawa hurudi nyuma kibofuni na kutoka baadaye na mkojo. Haidhuru mwili hata kidogo. Lakini si tatizo la bahati mbaya linalompata mmoja mmoja. Ni matokeo ya kawaida ya kazi iliyofanyika sawasawa, na kumficha mtu matokeo ya kawaida naona ni kosa kubwa kuliko kumficha ya nadra.

Fikiria yanayotokea nyumbani. Mwezi wa pili, mzee anamrudia mkewe, na hakuna kilichotoka. Yeye anaamini ameharibiwa na kwamba daktari alimdanganya. Mkewe, ambaye hakuambiwa lolote, ana hesabu yake: aliyekauka namna hii ametoka kwingine. Na kama mke ni kijana na bado wanataka mtoto, jambo hili lilipaswa kuwa la kwanza kuzungumzwa, kwa sababu uzazi wa njia ya kawaida unakuwa mgumu sana. Mke aingie chumba cha daktari siku ya maelezo. Ikiwa mzee anaona haya, basi aingie daktari wa kike na mama peke yao, njia zipo.

Haya hiyo si ya Cibitoke tu. Machi 1964, Jenerali de Gaulle, akiwa na miaka 73, alizuru Meksiko akiwa na mpira wa mkojo chini ya suruali, na hadhara haikujua. Aprili 17 mwaka huohuo alipasuliwa tezi dume katika hospitali ya Cochin, Paris, na mwaka uliofuata aligombea tena urais akashinda. Miaka 60 baadaye, Januari 2024, Mfalme Charles wa Uingereza alitangaza mwenyewe kwamba anakwenda kutibiwa tezi iliyovimba, na katika siku zile waliofungua ukurasa wa huduma ya afya ya nchi hiyo unaoeleza ugonjwa huo waliongezeka mara nyingi. Mfalme kusema kwamba hakojoi vizuri kuliwafanya wanaume wengi waulize habari za mkojo wao.

Miezi inapita, mzee amesahau hospitali, kisha siku moja anaona mkondo wake umekuwa mwembamba kama zamani. Husema, "Imerudi." Mara nyingi si tezi. Ni kovu ndani ya mrija wa mkojo, au kwenye shingo ya kibofu, ambalo huwapata wanne au watano hivi kati ya mia kwa kila sehemu, na hutibiwa kwa kutanua au kukata kidogo kwa chombo kilekile. Akienda mapema ni kazi fupi. Akikaa nyumbani na kunywa mizizi kwa mwaka mzima, anarudi palepale pa usiku wa kwanza, kibofu kimejaa na mpira unatafutwa.

Kila tatizo nililolitaja lina bei, na bei hiyo haimo katika hesabu ambayo familia huletewa mwanzoni. Mwaka 2006 Human Rights Watch na shirika la Kirundi la APRODH walitoa ripoti kuhusu wagonjwa waliokuwa wakizuiliwa hospitalini nchini Burundi kwa kushindwa kulipa, na miongoni mwao walikuwamo waliopasuliwa. Mabonge ya damu yakiongeza siku nne za kitanda, serumu ishirini na chupa mbili za damu, mchango wa ndugu uliotosha Jumatatu hautoshi Ijumaa. Kabla ya tarehe kupangwa, aulizwe mhasibu na si daktari peke yake: bima ya mgonjwa inalipa nini, serumu za kuoshea zimo au hazimo, na siku ya ziada ni kiasi gani.

Sasa lile ganda la chungwa. Upasuaji wa tezi iliyovimba hutoa nyama ya ndani na kuacha sehemu ya nje, na saratani nyingi za tezi dume huanzia kwenye sehemu hiyo ya nje. Mzee aliyepasuliwa anaposema "mimi tezi nimeshatoa, saratani hainihusu," anasema jambo lisilo kweli, na wanawe huamini. Vilevile nyama iliyotolewa haina budi kupelekwa maabara, kwa sababu wachache waliodhaniwa hawana saratani hukutwa nayo humohumo. Hapa ndipo familia iliyochoka kulipa hukata gharama: kichupa hubaki kwenye rafu, au majibu hutoka baada ya wiki kadhaa na hakuna anayerudi kuyachukua. Yachukuliwe, hata kama mgonjwa anakojoa vizuri. Kipimo cha damu cha PSA nacho hushuka baada ya upasuaji. Namba mpya itakayopatikana miezi michache baadaye ndiyo ya kulinganishia zote zitakazofuata, basi iandikwe kwenye daftari la hospitali pamoja na tarehe yake.